Wafalme Nao Hufiwa

Mfalme wa Ashuru alipojenga hekalu, alizika maandishi. Hayo ni tofauti na yale yaliyochongwa kwenye kuta za ikulu ili mabalozi wa nchi nyingine wayaone na kuogopa. Haya yaliandikwa kwenye udongo au kwenye bamba la jiwe, yakatiwa ndani ya msingi, na matofali yakajengwa juu yake. Hakuna aliye hai ambaye angeyasoma. Aliandikiwa mungu mwenye hekalu, na aliandikiwa mtu mmoja ambaye bado hajazaliwa: mfalme atakayetokea siku hekalu hilo likiwa limechakaa na kuanguka. Shamshi-Adad wa Kwanza, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, alimwomba mtu huyo asiyemjua alijenge upya jengo, ayapake mafuta maandishi atakayoyakuta, atoe sadaka, kisha ayarudishe mahali pake. Wafalme waliomfuata wakalirudia ombi hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tumezoea kuwajua watawala hawa kwa majigambo yao: mfalme mkuu, mfalme mwenye nguvu, mfalme wa pande nne za dunia. Ni kweli walijigamba, na damu waliyoimwaga haifichiki. Lakini hapo chini kwenye msingi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumtisha, waliandika wakijua fika kwamba wanachokijenga kitabomoka. Hawakusema "endapo" kitaanguka. Walisema "kitakapoanguka". Ucha Mungu wao ulianzia hapo, katika kukubali kupoteza kabla hata hawajapoteza, na katika kumwamini mgeni wa baadaye kwamba atakuwa na adabu.

Wakati mwingine mgeni huyo alitokea kweli. Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli kabla Waajemi hawajaiteka mwaka 539 KK, alichimba chini ya hekalu la mungu jua Shamash mjini Sippar. Anasimulia kwamba alishuka dhiraa 18 akaukuta msingi wa Naram-Sin wa Akkad, ambao anasema hakuna mfalme aliyekuwa ameuona kwa miaka 3,200. Hesabu hiyo imezidi mno, maana kati yao ilipita miaka 1,700 hivi, lakini furaha yake inasikika hadi leo. Akakuta pia sanamu ya Sargon, mwanzilishi wa dola ya Akkad, kichwa chake kikiwa kimevunjika nusu na uso hautambuliki kwa uchakavu. Akaita mafundi, akaikarabati, akaipangia sadaka. Sababu aliyoitoa ni kwamba aliwacha miungu na aliuheshimu ufalme.

Sargon huyo alikuwa ametawala kuanzia takriban mwaka 2334 KK, na maandishi yake ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya kifalme katika Kiakadi, lugha iliyo jamaa wa mbali wa Kiarabu na Kiebrania, iliyoandikwa kwa kubonyeza tete kwenye udongo mbichi. Humo mfalme hapati kitu kwa mkono wake. Enlil, mkuu wa miungu, ndiye aliyemnyima mpinzani. Alipofika Tuttul kwenye Mto Frati alimsujudia mungu Dagan, na Dagan akampa nchi za juu, Mari na Ebla, hadi kwenye msitu wa mierezi na milima ya fedha. Ukisoma maandishi kumi ya namna hii, mpangilio wake haukutoki kichwani: mungu anatoa, mfalme anapokea, adui anaanguka. Mjukuu wake Naram-Sin aliuvuta mpangilio huo hadi mwisho. Baada ya kushinda vita tisa katika mwaka mmoja, nchi zote zikiwa zimemwasi, anasema watu wa mji wake walikwenda kuwaomba miungu wakubwa mmoja mmoja, Ishtar, Enlil, Dagan, Sin wa Uru, Shamash wa Sippar na wengine, ili yeye awe mungu wa mji wao. Wakamjengea hekalu katikati ya Akkad.

Habari hiyo tunaisoma kwenye sanamu ya shaba iliyokutwa karibu na kijiji cha Bassetki, kaskazini mwa Iraki. Kilichobaki ni nusu ya chini: kiunoni kwenda chini, miguu iliyokunjwa ya kijana aliyeketi juu ya kitako cha mviringo, nyama ya paja imeumbwa kwa ustadi ambao ulimwengu ulikaa muda mrefu bila kuuona tena. Uzito wake ni kama kilo 150. Mwisho wa andiko kuna apizo: atakayeliondoa andiko hili, Shamash na Ishtar na Nergal na miungu wote waliotajwa waing'oe misingi yake na kuiangamiza mbegu yake. Aprili 2003, majeshi ya Marekani yalipoingia Baghdad na makumbusho ya taifa yakaachwa bila ulinzi, wezi waliiburura ikatoka. Novemba mwaka huohuo ikapatikana nje kidogo ya jiji, imepakwa grisi na kutumbukizwa kwenye shimo la maji machafu. Mungu wa Akkad. Na Akkad yenyewe, mji ulioomba mfalme wake awe mungu, wachimbaji hawajaupata mpaka leo.

Jiwe lingine la Naram-Sin lilipata msiba wa aina nyingine. Ni lile jiwe lenye urefu wa mita mbili, linalomwonyesha akipanda mlima amevaa kofia ya pembe za kiungu, maadui wanaporomoka chini yake. Lilisimama Sippar kwa karne nyingi. Katika karne ya 12 KK mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, aliupiga mji huo, akalibeba hadi Susa, na ndiko Wafaransa walikolifukua mwaka 1898. Mwelamu hakulifuta jina la mwenyewe. Alichonga maneno yake pembeni, juu ya ule mlima, kwamba ameipiga Sippar kwa amri ya mungu wake Inshushinak, na kwamba ameleta jiwe hili kama zawadi kwake. Kwenye jiwe moja, basi, wamo wafalme wawili, aliyeshinda na aliyepora, na kila mmoja anamshukuru mungu wake kwa imani ileile. Nimelitazama jiwe hilo kwenye picha mara nyingi na sijaweza kusema kwamba mmoja wao alikuwa mnafiki. Naamini wote wawili walimaanisha. Ila naona pia kwamba shukrani ya mshindi haina kazi ngumu. Mungu anapotoa, ulimi ni mwepesi.

Kwa hiyo ninapotaka kujua imani ya wafalme hawa ilikuwa na uzito gani, siwatafuti siku ya ushindi. Nawatafuta siku ya msiba. Na kwa bahati, ipo familia moja ambayo misiba yake tunaweza kuifuata kwa vizazi vinne, baba hadi kitukuu, kwa maandishi yao wenyewe.

Wa kwanza ni Sargon wa Pili wa Ashuru, aliyejitwalia jina la yule wa kale. Alijenga mji mpya kabisa, Dur-Sharrukin, akaomba miungu wamjalie kuzeeka ndani yake, mwili wake ukiwa na afya na moyo wake ukiwa na furaha. Mji ulizinduliwa mwaka 706 KK. Mwaka uliofuata aliongoza jeshi mwenyewe kwenda Tabal, katika Uturuki ya leo, adui akaivamia kambi yake, akauawa, na mwili wake haukupatikana. Kwao hilo lilikuwa zaidi ya kifo. Maiti isiyozikwa haina mahali pa kuletewa chakula na maji ya wafu, na roho yake hutangatanga na njaa. Mfalme wa dunia nzima akawa marehemu asiye na kaburi.

Mwanawe Sennacherib, yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamfahamu kwa jina la Senakeribu, aliuhama mji wa baba yake mara moja akahamia Ninawi. Ilikuwa desturi ya mfalme kujitambulisha kwa baba na babu. Yeye katika majina yake ya sifa akamruka Sargon kana kwamba hakuwa na baba. Lakini kuna kibao kimoja cha udongo, ambacho wataalamu wengi wanaona kilitungwa baadaye enzi za mwanawe, na humo Sennacherib anazungumza kwa sauti nyingine kabisa. Anasema aliutafakari moyoni mwake mkasa wa baba yake aliyeuawa ugenini na hakuzikwa nyumbani kwake. Akataka kujua dhambi gani ilimfikisha hapo. Je, aliwatukuza mno miungu ya Ashuru kuliko ya Babeli? Je, alivunja kiapo alichoapa kwa mfalme wa miungu? Akawakusanya waaguzi wanaosoma maini ya kondoo, akawagawa makundi mbalimbali, wasikaribiane wala wasisemezane, ili majibu yao yasiwe ya kupatana.

Hapo kwenye kuwatenganisha waaguzi ndipo mimi nasimama kila ninapokisoma kibao hicho. Aliyefiwa anataka jibu, na anaogopa kudanganywa. Hataki aambiwe neno la kumtuliza. Anataka maini ya kondoo wa kundi hili na ya kundi lile yaseme jambo moja, ndipo aamini. Nimekutana na watu wa namna hii katika misiba yetu, wanaozunguka wakiuliza kila mtu peke yake: alisema nini mwisho, saa ngapi, nani alikuwapo, kwa nini hakuitwa mapema. Ndugu huwavuta kando na kuwaambia watulie. Huwa natamani waachwe waulize.

Sennacherib alifiwa tena. Alikuwa amemweka mwanawe wa kwanza, Ashur-nadin-shumi, awe mfalme wa Babeli. Mwaka 694 KK watu wa Babeli walimkamata kijana huyo wakamtia mikononi mwa Waelamu, akapelekwa Elamu, na hapo habari zake zinakatika. Maandishi ya ushindi ya baba yake hayamlilii. Miaka mitano baadaye, mwaka 689 KK, Sennacherib aliiteka Babeli akaifanyia jambo ambalo hata kwa Waashuru lilikuwa kufuru. Kwenye miamba ya Bavian aliandika bila kupepesa: alibomoa nyumba na mahekalu, wanajeshi wake wakazishika sanamu za miungu wakazivunja, udongo na matofali akavitupa kwenye Mto Arahtu, akachimba mifereji katikati ya mji na kuugharikisha, ili siku za baadaye mahali pake pasijulikane. Wanahistoria hueleza kampeni hiyo kwa sababu za kisiasa, nazo zipo. Mimi sioni namna ya kuisoma bila kumkumbuka yule mtoto. Baba asiye na kaburi la kuzuru, mtoto asiye na kaburi la kuzuru, na mtu mwenye jeshi kubwa kuliko wote duniani.

Mwaka 681 KK aliuawa na wanawe mwenyewe. Biblia inasimulia mkasa huo katika kitabu cha pili cha Wafalme. Aliyerithi kiti ni Esarhaddon, mwanawe wa mwisho, ambaye hakutazamiwa. Maandishi yake yanasema kaka zake walipigana pembe kama wanambuzi kwa ajili ya ufalme, na miungu ikawatawanya. Lakini akiwa na ufalme mkononi, alikuwa na jambo zito la kueleza. Alitaka kuijenga upya Babeli. Ili aijenge ilibidi aseme kwa nini iliharibiwa. Na aliyeiharibu ni baba yake.

Alichofanya Esarhaddon kimeandikwa kwenye miche kadhaa ya udongo, na sijui andiko jingine la kale linalonigusa hivi. Anaanza kwa kusema kwamba zamani, katika enzi za mfalme aliyetangulia, kulikuwa na ishara mbaya katika nchi. Mfalme huyo hatajwi jina. Watu wa Babeli walisema uongo, wakamwonea mnyonge na kumpa mwenye nguvu, wakala rushwa, wana wakawalaani baba zao, na mali ya hekalu la Esagil wakaitoa kwa Elamu. Marduk, mungu wa mji, akakasirika. Mto Arahtu ukafurika kama gharika. Miungu wakaruka kama ndege wakapaa mbinguni. Hakuna jeshi. Hakuna Sennacherib. Kuna dhambi ya watu, hasira ya mungu, na maji.

Kisha anaendelea: Marduk alikuwa ameandika kwenye kibao cha majaaliwa kwamba mji ukae ukiwa kwa miaka 70. Lakini moyo wake ukatulia upesi, akawa na huruma, akageuza namba juu chini, akaamuru mji ukaliwe tena katika mwaka wa 11. Hili ni jambo la kuandika, na mtu wa zama zile angelielewa papo hapo. Namba 70 iliandikwa kwa kabari ya wima inayohesabiwa 60, ikifuatwa na kabari ya pembe inayohesabiwa 10. Ukizibadilishia nafasi kabari hizo mbili, ya pembe ikatangulia, ile ya wima sasa inahesabiwa 1, na unachosoma ni 11. Hakuna kilichofutwa. Amri ya mungu imebaki ileile, kwa alama zilezile, na bado imekuwa rehema. Esarhaddon akaita watu, akapika matofali, na anasema alijitwika kikapu kichwani mwenyewe mbele ya watu. Tangu mji uharibiwe hadi ulipoanza kujengwa ilikuwa kweli kama miaka kumi na moja.

Kuna uzuri mkubwa katika andiko hilo, na kuna uongo mkubwa. Vyote vimo katika sentensi zilezile na siwezi kuvitenganisha. Mwana anamsitiri baba yake aliyeuawa. Waliopoteza nyumba na watoto katika maji yale wanaambiwa kwamba dhambi zao ndizo zilizoyaleta. Na papo hapo mungu aliyekasirika anaonyeshwa akitafuta njia ya kuhurumia bila kuvunja neno lake.

Mdogo wangu alifariki akijifungua. Kituo cha afya kilimwandikia rufaa usiku, na gari la wagonjwa lilikuwapo pale, limeegeshwa chini ya mwembe, halina mafuta. Shemeji yangu alitafuta bodaboda na dumu, akaenda sheli ya karibu akakuta imefungwa, akaendelea hadi ya pili. Aliporudi na mafuta palikuwa hapahitajiki haraka tena. Mtoto alipona. Siku ya mazishi, chini ya turubai, mzee aliyepewa nafasi ya kutoa shukrani za familia alisema kazi ya Mungu haina makosa, na watu wote wakaitikia. Waliitikia pia wale waliopaswa kulijaza gari mafuta. Walikuwa wamekaa viti vya mbele, pamoja na wageni rasmi. Nami niliitikia. Mimi ni muumini, na neno lile siku ile lilinishika mkono nisianguke. Lakini nilipokuja kumsoma Esarhaddon nilielewa nini kilitokea pale chini ya turubai. Tuliandika kwamba mto ulifurika.

Sisemi kwamba mzee yule alikosea kulitaja jina la Mungu. Nasema kwamba mapenzi ya Mungu, yakitajwa mapema mno, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humfariji aliyefiwa, na humwachilia aliyezembea. Wa pili hufaidika kuliko wa kwanza, kwa sababu faraja huisha makali baada ya arobaini, ila msamaha ambao haukuombwa hubaki.

Chini ya msikiti wa Nabii Yunus mjini Mosul, mahali ambapo Waislamu wameamini kwa karne nyingi kwamba nabii yule aliyetumwa Ninawi amezikwa, kulikuwa na ikulu iliyotumika enzi za Esarhaddon. Julai 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliulipua msikiti huo. Walichimba mahandaki chini yake wakitafuta vitu vya kuuza. Mji ulipokombolewa mwaka 2017, wanaakiolojia wa Iraki walioingia mahandakini walikuta maandishi yenye jina la mfalme huyu. Yaliyovunjwa juu hayalipwi na yaliyoonekana chini, na watu wa Mosul wanaoulilia msikiti wao hawajaambiwa kwamba wamepata badala yake. Nalitaja kwa sababu hata waliolipua walisema wanatekeleza mapenzi ya Mungu.

Esarhaddon alizaa Ashurbanipal, na kwake lugha ya kifalme ilipasuka. Huyu ndiye mwenye maktaba maarufu ya Ninawi, vibao na vipande zaidi ya 30,000 ambavyo sasa viko Makumbusho ya Uingereza jijini London. Alijisifu kwamba anasoma na kuandika. Aliipora Elamu, alipigana na kaka yake Shamash-shum-ukin, mfalme wa Babeli, kwa miaka minne, mpaka kaka huyo akafia motoni mwaka 648 KK. Katika kibao kimoja anaorodhesha mema yake kwa mtindo uliozoeleka: amerudisha sadaka za chakula na maji kwa roho za wafalme waliomtangulia, zilizokuwa zimeachwa; ametendea mema mungu na mwanadamu, wafu na walio hai. Msomaji anangoja sentensi inayofuata, kwa sababu ameisoma mara mia: kwa hiyo miungu wakanipa.

Haiji. Badala yake mfalme anauliza kwa nini, basi, ugonjwa, maumivu ya moyo, hasara na maangamizi vimemng'ang'ania. Ugomvi hauishi nchini, fitina haiishi nyumbani mwake. Mchana na usiku analia. Siku ya sikukuu ya mungu wa mji, wakati wengine wanashangilia, yeye ana huzuni. Anamuuliza mungu hadi lini atamtendea hivi. Anasema anatendewa kama mtu asiyemcha mungu wala mungu mke. Hakuna jibu linalofuata.

Ninampenda mtu huyu katika mistari hiyo michache, licha ya matendo yake yote. Hakusema kosa ni la watu. Hakuwagawa waaguzi makundi. Hakumwacha mungu wake pia. Anayelalamika kwa mungu bado anazungumza naye, na sadaka za wafu zimetajwa palepale juu kuwa zinaendelea. Hasara imewekwa mezani kama ilivyo, bila maelezo, mbele ya yule anayedaiwa kuwa na maelezo yote.

Lakini kuna kitu ninachokithamini kuliko hata hicho, nacho hakimo katika maandishi ya kifalme. Ni barua. Esarhaddon, yule wa 70 na 11, alikuwa mgonjwa sehemu kubwa ya utawala wake, akaandikiana mfululizo na waganga na wasomi wake, na barua nyingi zimebaki. Alifiwa na mke, alifiwa na mtoto mchanga. Wakati mmoja alijifungia gizani, chakula hakipelekwi mezani, siku ya pili sasa. Mganga wake mkuu, Adad-shumu-usur, alimwandikia kumuuliza kwa nini. Mfalme ni mfano wa mungu jua, na jua hukaa gizani nusu siku tu. Heshima imo, na kukemea kumo, kama mzee anavyoweza kumwambia kijana aliyemlea.

Kuhusu yule mtoto mdogo, mfalme alikuwa amemwandikia kwamba ana majonzi mazito, na akauliza: tumefanya nini hata nikavunjika moyo hivi? Swali lile la baba yake. Adad-shumu-usur alikuwa na utaalamu wote wa zama zake wa kumjibu. Angeweza kumtajia dhambi, angeweza kumtafutia ishara angani, angeweza kumwambia ameandikiwa. Hakufanya hivyo. Alimwambia kwamba laiti ugonjwa ule ungetibika, angetoa nusu ya ufalme wake ili mtoto apone. Lakini tufanyeje, bwana wangu. Ni jambo lisilowezekana.

Nusu ya ufalme. Mganga alipima upendo wa baba kwa kile ambacho angekubali kupoteza, akamwambia ameuona, kisha akamwambia ukweli. Wala hakumtaja mungu yeyote katika sentensi hiyo, yeye ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutaja miungu.

Mwaka huu nilimwandikia shemeji yangu. Nilimwambia habari ya gari na mafuta nimeiandika kwa majina na saa, nimeipeleka panapohusika, na nitaifuatilia. Nilimwambia pia kwamba nilimwona usiku ule akiondoka na dumu, na kwamba angekuwa na shamba angeliuza, na angekuwa na nyumba angeiuza, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unatibika.